Ripoti ya zamu huandikiwa anayeingia kazini

Tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la mafuta na gesi liitwalo Piper Alpha lililipuka katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti. Watu 167 walikufa. Sisi tunaofundisha uandishi wa kazini hapa Lubumbashi tunapenda kuanza na mkasa huo, maana wengi wanaokuja kwetu ni mafundi, wahandisi na wasimamizi wa migodi ya shaba na kobalti, na wanauelewa upesi.

Mchana wa siku ile, valvu ya usalama ya pampu moja ilitolewa ili itengenezwe, na tundu lake likazibwa kwa kifuniko cha chuma. Kazi ya valvu ilikuwa na kibali chake, yaani karatasi ya kuruhusu kazi ifanyike. Matengenezo ya pampu yenyewe yalikuwa na kibali kingine. Usiku, pampu ya pili ikazimika. Waliokuwa zamu walijua habari za kibali cha pampu, na kwamba matengenezo yake hayajaanza, lakini habari ya valvu haikuwafikia. Wakaiwasha ile ya kwanza, gesi ikavuja kwenye kifuniko, ikashika moto. Uchunguzi wa Jaji Cullen, uliotolewa mwaka 1990, ulionyesha jinsi utaratibu wa vibali na wa kukabidhiana zamu ulivyokuwa umelegea.

Sasa tazama daftari la zamu la kawaida: “Kazi zote zilifanyika kwa kufuata maagizo. Palikuwa na tatizo dogo la pampu, limeshughulikiwa.” Sentensi hizo zimeandikwa ili mkubwa aridhike. Anayeingia saa kumi na mbili asubuhi hazimsaidii kitu. Yeye anahitaji hivi: “Msiwashe pampu namba 2. Fundi ameifungua saa nane usiku, bolti hazijarudishwa. Maji ya shimoni yanavutwa na namba 1 peke yake.” Jambo la kufanya, au la kutofanya, limekaa mbele, sababu imefuata.

Anayeandika vibaya kwa kawaida kazi yake anaijua. Mwulize kapita (msimamizi wa kikosi) yeyote mwenye uzoefu kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu, atakueleza hitilafu hatua kwa hatua bila kupoteza neno. Mpe karatasi na kalamu, mara anaingia katika Kifaransa cha barua za serikali alichokariri shuleni, na pampu inapotea katikati ya heshima. Kwa hiyo darasani tunamwambia aseme kwanza, mwenzake aandike alichosikia, ndipo wasahihishe pamoja. Kama ofisi inataka Kifaransa, kitafuata baadaye, na sentensi zitakuwa fupi kwa sababu wazo limekwisha kunyooka. Tangazo la hatari linalosomwa na kila mtu mgodini, kwa maoni yangu, liandikwe kwa Kiswahili pia. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa.

Heshima yenyewe siipingi. Barua ya kwetu bila salamu inaudhi, na msomaji aliyeudhika hasomi vizuri. Sentensi moja ya salamu inatosha, kisha ombi.

Sarufi tunaigusa kwa haraka tu. Muda mwingi unakwenda kwenye karatasi walizoandika wenyewe kazini, majina yakiwa yamefutwa. Mazoezi ya kubuni hayafiki mbali: mtu anayapasi Ijumaa, Jumatatu anarudia mtindo wake wa zamani.

Kikwazo kikubwa kiko juu. Kijana anarudi kazini na ripoti ya nusu ukurasa, mkuu wake anamrudishia akisema ni fupi mno, haionyeshi bidii. Wiki mbili zikipita, kijana ameacha. Ndiyo maana tunawasihi wakuu wa idara wakae darasani pamoja na watu wao, walete na barua zao wenyewe. Inawauma kidogo mwanzoni, lakini wakishajua wanachotaka kusoma, wanaanza kukiomba kwa maneno wazi, na walio chini yao wanaandika hivyo.

Kampuni au hospitali inayotaka kuanza na fedha kidogo ianze na daftari la makabidhiano. Lipo tayari, linaandikwa kila siku, na mwenye kulipima ni anayeingia zamu: alisome, kisha aseme kwa sauti atafanya nini kwanza. Akikosea, aliyeandika bado yuko pale, anaweza kurekebisha kabla hajaenda nyumbani.