Simuleta haina waya unaokatika

Hapana. Kwa mara nyingine tena, hapana: kumaliza mafunzo ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine za kiwandani) kwenye simuleta, yaani programu inayoiga mashine kwenye skrini, hakukufanyi fundi wa otomesheni. Kunakufanya mtu anayejua kuandika lada, ile programu ya PLC inayochorwa kwa mistari kama ngazi. Si haba, lakini mashine ikisimama usiku wa manane, mara nyingi programu iliyomo ni ile ile iliyokuwa ikifanya kazi jana. Programu haishikwi na kutu. Kilichobadilika ni sensa iliyogongwa ikahama, terminali iliyolegea, kebo iliyosuguliwa mpaka ikachubuka, au presha ya hewa iliyoshuka.

Chukua kitufe cha kusimamisha mota. Kila aliyejifunzia kwenye skrini huuliza: kwa nini kitufe ni NC (hupitisha umeme kisipobonyezwa), halafu kwenye lada kinachorwa kama NO (kinyume chake)? Jibu lake ni la dakika moja, na kesho limeshasahaulika, kwa sababu kwenye skrini kukosea hakuumizi. Kitufe cha NC kisipoguswa kinapitisha 24 V hadi kwenye ingizo la PLC. Taa ya ingizo inawaka, na ndani ya PLC biti ni 1. Ile alama kwenye lada si picha ya kitufe! Ni swali: biti hii ni 1? Kama ni 1, mstari unapita na mota inaruhusiwa kuzunguka. Ukibonyeza, biti inakuwa 0 na mota inasimama. Waya ukikatika, biti inakuwa 0 vile vile, na mota inasimama. Hapo ndipo penyewe.

Sasa yule wa simuleta anaona kitufe cha NC, anaweka alama ya NC, mota inagoma kuwaka. Badala ya kubadilisha alama, anahamisha waya kwenye kitufe uende upande wa NO. Mota inawaka, makofi. Mchomolee waya mmoja wa kitufe hicho, washa mota, kisha mwambie aisimamishe. Abonyeze mpaka kidole kimuume. Somo hilo halifundishiki kwa video. (Kitufe cha dharura ni habari nyingine kabisa: hicho kinakata umeme kupitia relei ya usalama, hakiachiwi PLC ya kawaida peke yake. Hapo hakuna mjadala.)

Sensa nayo. Waya wa kahawia ni +24 V, wa bluu 0 V, mweusi ishara, hayo unayajua. Aina ni mbili: PNP inatoa +24 V kwenye nyeusi, NPN inaivuta nyeusi kwenda 0 V. Funga NPN kwenye kadi ya maingizo ya PLC inayosubiri PNP: taa ya sensa itawaka vizuri tu, na ingizo halitaona kitu. Ndiyo maana meza ya mazoezi inapaswa kuwa na sensa moja ya kila aina, na mwanafunzi asiambiwe ipi ni ipi. Apime kati ya nyeusi na bluu, kisha nyeusi na kahawia, ajue mwenyewe. Na ile 4 mm, umbali wa kuhisi ulioandikwa kwenye sensa ya induktivu (inayohisi metali bila kuigusa), ni kwa chuma. Ukiisogezea alumini, kwa sensa nyingi umbali unashuka hadi karibu nusu au chini yake.

Ya 4–20 mA, mkondo ambao sensa hutumia kutuma kipimo, nitayapitia haraka. Inaanzia 4 ili 0 imaanishe waya umekatika. Kwenye kipimo cha 0–10 bar, 12 mA ni 5 bar. Multimita ikiwa kwenye ampia, inafungwa mfululizo na saketi. Ukiibandika sambamba na usambazaji wa umeme, fyuzi yake inakwenda. Karakana isiyo na fyuzi za akiba za multimita, nina mashaka kama kuna anayefundishwa humo.

Upande wa hewa, vali moja ya 5/2 (matundu matano, mikao miwili), silinda ya pande mbili na vidhibiti viwili vya mwendo vinatosha. Bana hewa inayotoka, si inayoingia. Geuza kidhibiti kimoja kinyume uone silinda inavyoruka na kushtuka. Hakuna mstari wa lada unaotibu hilo.

Vitabu husema ngao ya kebo (wavu wa metali unaozunguka nyaya zake) iunganishwe na ardhi upande mmoja, kana kwamba ni amri. Kwa kebo ya ishara za polepole, sawa. Kwa kebo kati ya inveta (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) na mota, ngao inafungwa na ardhi pande zote mbili, la sivyo kelele zake za umeme zitazisumbua sensa za jirani.

Kuna jambo moja linalonisumbua hata kwenye mafunzo mazuri. Hitilafu anayoipandikiza mkufunzi inakaa pale pale ikisubiri kupatikana. Ile ya kweli ni feruli (kibomba cha metali kinachobanwa kwenye ncha ya waya) iliyobana ganda la waya badala ya shaba: inagusa mashine ikiwa baridi, inaachia ikitetemeka, na multimita inaporudi imeshapona. Kuvuta kila waya kwa mkono baada ya kukaza kunaikamata mapema. Kuitafuta ikishaingia kazini, bado sijaona zoezi la mezani linaloifundisha sawasawa.