Je, wajua umeme na umbo la seli moja ya ubongo wa panya hupimwaje?

Katika shina la ubongo wa panya, pale neva ya kusikia inapoingilia, zipo seli ndogo zinazoitwa magurudumu ya mkokoteni. Ni niuroni za kati: aksoni zake, yaani nyuzi za kupeleka ujumbe, ni fupi, hazitoki mtaani, nazo huwatuliza majirani kwa kemikali ya glisini.

Ubongo hutolewa haraka na kutiwa kwenye maji ya chumvi yaliyokaribia kuganda, yanayopulizwa gesi yenye oksijeni 95% na kaboni dioksidi 5%. Wembe unaotetemeka hukata vipande vya maikromita 200 hadi 300. Ukichelewa, seli huvimba na kiini huonekana waziwazi kama cha yai. Hiyo usiiguse, inakufa.

Kifaa chenyewe ni mrija wa kioo wenye ncha ya maikromita 1 au 2, uliojazwa maji ya potasiamu yenye kemikali ya kuwekea alama iitwayo biositini. Unaposogea hupulizwa kidogo ili uchafu usiunase. Ukigusa seli, unaacha kupuliza na kunyonya polepole mpaka kioo na utando vishikane kwa ukinzani unaozidi gigaomu 1, yaani omu bilioni moja. Mbinu hii ya Erwin Neher na Bert Sakmann ilianza mwaka 1976, ikawapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Mnyonyo mmoja mfupi hutoboa utando, na sasa mrija na seli ni chombo kimoja.

Ukipitisha mkondo wa pikoampea −100 na voltiji ikashuka kwa milivolti 15, ukinzani wa seli ni megaomu 150. Hesabu ni ileile ya Ohm ya shuleni. Ukigeuza mkondo uwe chanya, gurudumu hutoa kundi la mipigo ya haraka ya umeme iliyopanda juu ya wimbi pana la kalisi. Seli kubwa za jirani hupiga mmojammoja. Tofauti hiyo pekee mara nyingi inatosha kuitambua.

Wakati huo biositini inatambaa kwenye matawi. Ipe angalau dakika 15 hadi 20, la sivyo ncha za mbali hazitaonekana. Wengi huharibu mwishoni: wakiuchomoa mrija kwa pupa, kiini hufuatana nao na seli inavuja. Uvute taratibu, utando ujifunge. Kisha kipande hulazwa kwenye paraformaldehaidi ya 4%, dawa ya kukihifadhi, na streptavidini, protini iliyotiwa rangi inayong'aa, hushika biositini. Chini ya darubini unaona dendraiti, matawi ya kupokea ujumbe, zilizojaa vijimiiba, zikielekea tabaka la juu.

Seli ikiwa na mti mdogo wa matawi, iangalie kwa shaka. Huenda wembe ndio uliokata matawi, na hapo hata ukinzani uliopima umepanda, kwa kuwa utando wa kuvujisha mkondo umepungua. Tawi linaloishia ghafla kwenye uso wa kipande, likiwa bado nene, ndilo lililokatwa.