Majani ya mapera hairudishi maji mwilini: maswali kuhusu tanini na kuhara

Swali: Muganga, hii tanini ni kitu gani?
Jibu: Ni kitu chenye mimea inajitengenezea yenyewe, ili wadudu na wanyama wasiikule ovyo. Ukiuma ndizi mubichi ulimi unakauka na kukwaruza, ndiyo tanini hiyo, inashika protini za mate. Tanini za aina moja, zinaitwa kondense, ziko kwa ngozi ya maharagi mekundu, mutama mwekundu, kakao, na magome ya miti mingi. Majani ya mapera pia iko na tanini.

Swali: Kama inakausha mudomo, si itakausha pia tumbo ya mutoto anayehara?
Jibu: Hapana mama. Najua tangu kwa bibi zetu tunachemsha majani hayo, na pengine tumbo inatulia kidogo. Lakini kinachoua mutoto ni maji na chumvi zinazotoka mwilini, na tanini hairudishi maji na chumvi hizo hata kidogo.

Swali: Basi tungoje siku mbili tuone kama majani inasaidia?
Jibu: Hapana, hapana kabisa! Tunaletewa watoto siku ya tatu, nabana ngozi ya tumbo na vidole viwili, naachilia, inabaki imesimama tu, macho imeingia ndani, analia bila machozi, na mama ananiambia "tulikuwa tunamupa mapera kwanza". Kwanza ya nini? Kolera (kipindupindu) hapa Goma tunaijua, ile ya 1994 ilimaliza maelfu ya wakimbizi, na inaweza kuua mutu muzima kwa masaa tu, sasa mutoto wa mwaka moja? Siku mbili hauna, mama. Hata moja hauna.

Swali: Na kumupiga lavema, kumuingizia maji ya magome kwa nyuma?
Jibu: Acheni. Mutoto tayari hana maji, nyinyi munamutoa zingine. Acheni, tafadhali.

Swali: Sasa nifanye nini?
Jibu: Anza SRO hapo hapo, ile unga ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pakiti ya litre 1 kwa litre 1 ya maji safi, na ziwa la mama usimunyime. Pakiti haiko? Litre 1 ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo ya chumvi, usizidishe. Halafu enda kituo cha afya siku ile ile, watamupa zinki ya siku 10 hadi 14. Kama choo iko na damu, ama amelegea hawezi kunywa, kimbia. Njiani endelea na kijiko, kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika 10 na uanze tena.