Je, wajua kwa nini kipande cha plastiki mdomoni hutuliza taya linalouma?

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio yako, kisha fumbua kinywa polepole na ukifumbe. Hapo panapoteleza ndipo kilipo kiungo cha taya. Ndani yake mna kisahani cha gegedu, nacho kikihama kidogo mahali pake, husikika "tak!" kila ukipiga mwayo. Mlio mtupu usiouma hauhitaji tiba. Taabu ni pale unapoamka taya limekaza, panja zinagonga, na sikio linauma ilhali ni zima. Kwa kuwa kiungo hiki kimepakana na tundu la sikio, kuna wanaotia dawa ya masikio bila kupona.

Wengi wenye taabu hii husaga meno usingizini. Kwetu anayesaga meno huambiwa ana minyoo. Anameza dawa, na usiku wa pili anasaga vilevile. Kwa mtu mzima, kusaga huko huendana zaidi na mawazo mengi, sigara, pombe na usingizi wa kukatikakatika. Kwa kawaida meno hugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu, muda uliobaki huachana. Anayeyabana usiku huinyima misuli ya mashavu mapumziko yake.

Hapo ndipo kile kipande cha plastiki kinapofaa. Daktari wa meno hukung'atisha rojo linaloganda, akapata umbo la meno yako, na kwa umbo hilo hutengenezwa kifuniko cha plastiki ngumu, angavu, iitwayo akriliki, cha kuvaa usiku juu ya meno yote ya taya moja. Ukishakivaa, unang'ata karatasi ya rangi. Palipokolea alama anapasugua, unang'ata tena, anasugua tena, mpaka pande zote ziguse sawasawa. Usikubali hatua hii irukwe. Kikiegemea upande mmoja, kinaweza kukuzidishia maumivu.

Meno yakikutana na uso huo wa kuteleza hayapati mashimo ya kushikamana. Misuli hulegea, mzigo husambaa, kiungo hakikandamizwi sana, na kinacholika ni plastiki badala ya jino. Kusaga kwenyewe kunaweza kuendelea. Tafiti pia zinatofautiana kuhusu ukubwa wa nafuu yenyewe, lakini mimi nakitetea kifaa hiki kwa sababu moja: kisipokufaa unakivua, na meno yako yako palepale. Ukishauriwa kuchongwa meno ili taya "likae sawa", tafadhali tafuta daktari wa pili kwanza. Jino lililochongwa halioti tena.

Jihadhari pia na vifaa vile vifupi vinavyofunika meno machache. Ukivivaa muda mrefu, meno yasiyofunikwa yanaweza kusogea na mng'ato ukabadilika.

Kifaa hakifanyi kazi peke yake. Taya likiuma, pumzisha miwa na mahindi ya kuchoma, kula laini, na ukande mashavu kwa kitambaa cha maji moto. Lakini kinywa kikigoma kupitisha hata vidole viwili vilivyosimamishwa, au taya likikwama wazi, usingoje plastiki itengenezwe. Nenda hospitali siku hiyohiyo.