Kumvua farasi mzee viatu vya chuma si tiba

Wapo wanaoamini kuwa farasi wa miaka 20 anayechechemea, akivuliwa viatu vya chuma tu, kwato zitajiponya zenyewe. Sivyo, na imani hii huwatesa wanyama. Wiki za kwanza huenda akaumia zaidi, hasa kwenye changarawe.

Ukuta wa ukwato hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, hivyo sehemu ya mbele huchukua karibu mwaka kujengeka upya. Muda wote huo kwato zinapaswa kupunguzwa kila baada ya wiki chache, na mtu anayejua kusawazisha visigino bila kukwangua wayo ukabaki mwembamba.

Kabla ya yote, mwite daktari wa mifugo apime damu. Si farasi wazee wachache wenye ugonjwa wa tezi ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo), unaoweza kuleta uvimbe mchungu ndani ya kwato. Majani yenye sukari nyingi huuzidisha uvimbe huo. Hapo kuchonga kwato peke yake hakufui dafu.

Kisha yaje mazoezi bila mtu mgongoni: kuongozwa kwa kamba, kurudi nyuma hatua chache, kuvuka magogo yaliyolazwa chini. Yafanywe kwa muda mfupi, mara nyingi, kwenye ardhi laini. Misuli ya mgongo na tumbo hurudi taratibu, naye huanza tena kutanguliza kisigino anapokanyaga.

Wengine wataendelea kuhitaji buti za mpira, au hata viatu vya chuma. Wapewe.