Klabu ya makasia ya chuo si timu ya Boat Race

Kila Pasaka ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kocha, vijana wako tutawaona kwenye Boat Race?" Safari hii kauliza hata mtu aliyesoma hukuhuku Uingereza, na hapo uvumilivu ukaniishia. Hapana, hamtawaona. Wale wa kwenye televisheni, wanaoshindana na Oxford mtoni Thames kutoka Putney hadi Mortlake, ni timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Mimi nafundisha klabu ya chuo kimoja tu kati ya vyuo 31 vilivyomo ndani ya chuo kikuu hicho.

Tena msidhani klabu za vyuo ni matawi ya ile kubwa. Mkubwa ndiye aliyezaliwa na wadogo. Klabu ya chuo cha St John's, iitwayo Lady Margaret, ilianzishwa mwaka 1825. First Trinity, ya chuo cha Trinity, nayo ni ya mwaka huohuo, na kila moja inadai ndiyo ya kwanza. Nimesikiliza ubishi huo mara nyingi na bado sijui nimwamini nani. Klabu ya chuo kikuu kizima ilikuja 1828. Mwaka uliofuata, kikao cha Cambridge kikamwagiza mwanafunzi Snow wa St John's amwandikie Staniforth wa chuo cha Christ Church, Oxford, kumwalika washindane. Wakakutana Henley, mji ulio kando ya Thames, mwezi Juni. Oxford wakashinda, na habari hiyo huku kwetu haisimuliwi kwa furaha.

Uendeshaji wa klabu unaelezeka kwa dakika mbili. Wanafunzi wenyewe ndio wenye klabu: wanachagua nahodha, katibu na mweka hazina, na kamati hubadilika kila mwaka. Mhadhiri mmoja hukaa juu yao kama mweka hazina mwandamizi ili fedha zisipotee. Kuna fundi wa mashua, mara nyingi mtu wa kuajiriwa, ambaye ndiye pekee anayekumbuka mambo ya miaka mitano iliyopita. Kuna manahodha wa mashua za chini, wanaohangaika kila Oktoba kuwakusanya wageni wasiojua kasia linashikwaje. Kocha kama mimi ni mtu wa kuitwa. Mashindano yetu mtoni yanasimamiwa na umoja wa klabu zote, nao pia ni wa wanafunzi.

Sasa tuje kwenye linalonikera hasa. Nikishaeleza hayo yote, mtu huniuliza: "Basi fainali yenu ni lini?" Hatuna fainali! Mto wetu, Cam, ni mwembamba. Mashua ya wapiga makasia wanane ina urefu wa karibu mita 18, na makasia yametanda pande zote mbili. Peleka mbili sambamba kwenye kona ya Grassy uone makasia yatakavyovunjana. Kwa hiyo tangu 1827 tunafukuzana. Mashua hupangwa mstari mmoja kando ya mto, omo ya hii nyuma ya tezi ya ile, zikiachana kwa urefu wa mashua moja na nusu. Mzinga wa kwanza unalia: zimebaki dakika nne. Wa pili: dakika moja. Mshika usukani anashikilia mnyororo uliofungwa ukingoni, huku mtu wa nchi kavu akiisukuma mashua kwa upondo ili mnyororo ukazike. Wa tatu unalia, mnyororo unaachiwa, makasia yanaingia majini.

Ukimgusa wa mbele kabla ya wa nyuma kukugusa wewe, nyote wawili mnajitoa pembeni, vijana wako wanachuma majani ya ukingoni na kujipamba vichwani, na kesho yake mnabadilishana nafasi. Ni siku nne, Jumatano hadi Jumamosi. Ukigonga kila siku unastahili kasia lililopakwa rangi za chuo. Ukigongwa kila siku, umepata kijiko, ishara ya aibu.

Na nafasi uliyoishia Jumamosi ndiyo klabu yako itakayoanzia mwakani. Hapo ndipo watu wanapopotea. Nafasi si ya wale wanane, ni ya klabu. Mashindano haya ya kugongana, yaitwayo May Bumps (yanafanyika Juni, msiniulize kwa nini), hayakuwapo 2020 wala 2021 kwa sababu ya korona. Yaliporudi 2022, vijana wakajipanga kwa mpangilio wa 2019, wengi wao wakitetea nafasi zilizopatikana na watu waliokwisha kuhitimu na kuondoka.

Je, ni haki? Sina hakika. Mashua yenye kasi kuliko zote ikianzia nafasi ya 12, wanaoipiga wanaweza kuhitimu kabla hawajafika kileleni. Inayoshika nafasi yake katikati ya msururu siku zote nne haipati chochote, hata kama ndiyo iliyopiga makasia kwa ustadi kuliko zote. Na mashua mpya ni makumi ya maelfu ya pauni, hivyo chuo chenye wahitimu matajiri kinatangulia kabla mzinga haujalia. Nikiwa na kikombe cha chai mkononi nitakutetea mfumo huu saa nzima. Kwenye mambo ya fedha, sina utetezi.

Halafu, kusema kweli, kuna mwanya katika kile nilichosema mwanzoni. Boat Race ikishapita, baadhi ya wapiga makasia wa timu ya chuo kikuu hurudi kwenye vyuo vyao kwa ajili ya Juni, na klabu iliyobahatika kuwa na wawili watatu hupanda kama moto wa kifuu. Sisi mwaka huu hatuna hata mmoja. Kiti cha tano amekaa mwanafunzi wa udaktari ambaye hadi Oktoba hakuwa amewahi kushika kasia, na walio mbele yetu wana mshika usukani anayechelewa kukata kona ya Grassy. Tunamsubiri hapohapo.