Chai, bakteria wa tumboni na mhimili wa utumbo na ubongo

Ukinywa chai ya rangi iliyokolea, strungi kama wasemavyo Wakenya, ulimi hukauka kidogo na kubaki na ukakasi, kama uliouma ndizi mbichi. Ukakasi huo unatokana na polifenoli, kemikali za mmea wa chai zilizo hodari wa kunata. Mdomoni zinanata kwenye protini za mate, na ndiyo maana ulimi unakwaruza. Hapo safari yao imeanza tu.

Wengi tumezoea kufikiri kwamba kilicho chema ndani ya chai huingia kwenye damu, kisha damu hukipeleka kichwani. Kwa kafeini ni kweli: ndani ya saa moja sehemu kubwa imeshasambaa mwilini, ubongo ukiwemo. Polifenoli ni habari nyingine. Nyingi hupita utumbo mwembamba bila kufyonzwa na kuteremka hadi utumbo mpana, kwenye makazi ya bakteria. Huko ndiko dhana ya mhimili wa utumbo na ubongo inapoingia.

Mhimili huu si kiungo ambacho daktari angekikuta akipasua tumbo. Ni jina la mawasiliano kati ya utumbo na ubongo, yanayokwenda pande zote mbili kwa njia kadhaa. Mojawapo ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kupita shingoni na kifuani hadi tumboni. Takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari juu, kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo. Njia nyingine ni damu, inayobeba homoni pamoja na vitu vidogo vinavyotengenezwa na bakteria. Kuna pia kinga ya mwili, kwani seli zake nyingi zimepiga kambi kwenye ukuta wa utumbo. Kiswahili kiliuona uhusiano huu zamani: mtu mwenye wasiwasi tunasema ana tumbo joto.

Kwamba bakteria nao wana sauti katika mawasiliano hayo kulionekana wazi mwaka 2004, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani. Panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja tumboni walipobanwa mahali kwa muda, homoni zao za msongo zilipanda kuliko za panya wa kawaida. Walipopewa aina moja tu ya bakteria, Bifidobacterium infantis, mwitikio wao ulirudi kawaida. Sisi nasi tunao wa kutosha: makadirio ya mwaka 2016 yanasema mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli zake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye majani. Jani bichi la chai limejaa katekini, polifenoli zenye umbo dogo. Kwenye chai ya kijani jani hupashwa moto mapema, na katekini hubaki karibu kama zilivyo. Kwenye chai nyeusi, ile inayotoka viwanda vya Kericho au Mufindi, majani husagwa na kuachwa yapate hewa. Viwandani hatua hii huitwa uchachushaji, ingawa hakuna hamira wala pombe: ni kimeng'enya cha jani lenyewe kinachounganisha katekini kwa msaada wa oksijeni. Zinazaliwa tiaflavini na tiarubijini, ambazo ndizo rangi ya kikombe chako. Tiarubijini ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo. Zamani hilo lilionekana kama kasoro ya chai nyeusi. Mimi naona ndiko utamu wa habari ulipo, kwa sababu kisichoweza kupenya kinawafikia bakteria.

Nao hawakiachi. Wanaikata molekuli kubwa vipande vidogo vinavyoweza kuingia kwenye damu, na baadhi ya mabaki huonekana kwenye mkojo kama asidi ya hipuriki. Wakati huohuo polifenoli hubadilisha jamii ya bakteria, aina fulani zikistawi na nyingine zikipungua. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapa panya dondoo za chai zisizo na kafeini. Polifenoli za chai ya kijani zilionekana kwenye damu na ini; za chai nyeusi zilibaki zaidi utumboni. Hata hivyo, chai zote mbili zilibadilisha bakteria, na panya wakapungua uzito.

Kitu kingine cha kutajwa ni theanini, asidi amino iliyotambuliwa katika chai huko Japani mwaka 1949. Haiwasubiri bakteria: inafyonzwa, inaingia ubongoni, na imeonekana kuongeza mawimbi ya alfa, yale ya mtu aliyetulia akiwa macho. Lakini majaribio mengi hutumia miligramu 100 hadi 200, na kikombe kimoja kwa kawaida hakifiki hata 50.

Tangazo linalosema chai huleta furaha kwa sababu serotonini nyingi, kemikali inayohusishwa na hisia njema, hutengenezwa tumboni, usiliamini. Ni kweli takriban asilimia 90 hutengenezwa huko, lakini haivuki kuingia ubongoni. Wazee wa Japani wanaokunywa chai ya kijani mara kwa mara wameonekana kupatwa na upungufu wa kumbukumbu mara chache kuliko wasioinywa sana, ila huenda mzee mwenye afya na wenzake wa kuzungumza nao ndiye anayekunywa chai zaidi. Hata utafiti wa Wakenya wa mwaka 2014, ulioonyesha kemikali za chai ya zambarau zikifika kwenye ubongo, ulifanywa kwa panya.

Kuhusu maziwa, kaseini, yaani protini yake, hunaswa na polifenoli vilevile kama protini za mate, na tafiti zinapingana kama jambo hilo linapunguza faida. Ninalolihimiza bila kusita ni la madini ya chuma. Polifenoli huyanata pia, hasa yale ya maharage na mchicha, na mwili hauyapati. Mama mjamzito, au yeyote aliyeambiwa ana upungufu wa damu, ale kwanza, kisha asubiri walau saa moja ndipo anywe chai yake.